Jina la tovuti liandikwe kwa nani?

Biashara nyingi za nyumbani hupata jina kabla ya kupata mtaji wa kutosha. Mama akishanunua friji la pili na mashine ya kufungia pakiti, watoto hukaa sebuleni wakabishana: iitwe nini? Jina likipatikana linachapwa kwenye vibandiko, linapelekwa Brela, linaandikwa ubavuni mwa bajaji. Siku hizi limebaki jambo moja zaidi, nalo ni jina la tovuti, lile ambalo mafundi huliita domeni. Hapo familia humwachia kijana mmoja "anayejua kompyuta" amalize mwenyewe kwa simu yake, na wengi hawamuulizi hata swali moja.

Chukua mfano wa wafugaji wa Tanga wanaouza maziwa na mtindi, wakaamua biashara yao iitwe Ng'ombe Wetu. Kwenye kibandiko jina linapendeza. Kwenye intaneti linakwama siku ya kwanza, kwa sababu jina la tovuti hupokea herufi za a hadi z, tarakimu na kistari tu. Ile ritifaa ya ng' haiingii. Itabidi liwe "ngombewetu", na mteja anayejua kuandika Kiswahili vizuri ndiye atakayekosea, maana ataiweka ritifaa pale inapostahili kuwa. Familia inaweza kuamua kuishi na hilo. Lakini ni heri kulijua kabla ya kuchapa vibandiko elfu mbili.

Kiswahili kina bahati ya kuandikwa kinavyotamkwa. Tatizo ni kwamba watu hawatamki sawa. Yupo wa heri na yupo wa kheri, yupo anayesema dhahabu na anayesema zahabu, na zipo sehemu ambako l na r hubadilishana viti kila siku. Maneno yakiunganishwa nayo huleta vituko: muuza matunda anayeandika "papaitamu" asishangae mtu akisimama kwenye papa kabla ya kufika kwenye papai. Kipimo kizuri hakina gharama. Mtu wa nyumbani ampigie simu bibi au mteja wa zamani, amtajie jina mara moja bila kulitamka herufi kwa herufi, kisha amwombe aliandike. Wakikosea wawili kati ya watatu, jina hilo litafutiwe mwenzake.

Mwisho wa jina hausumbui sana. Kwa biashara ya Tanzania ipo .co.tz, kwa ya Kenya ipo .co.ke, na .com huchukuliwa na yeyote popote duniani, ndiyo maana majina mafupi ya huko yalikwisha zamani. Anayeuza mtindi Tanga na Muheza hana haja ya kuumiza kichwa kwa .com. Anayengoja watalii anaweza kuchukua yote mawili. Cha kukumbuka ni kwamba cheti cha Brela hakilindi jina la tovuti. Ni daftari jingine kabisa, na humo anayewahi ndiye anayepata.

Na katika daftari hilo la pili, jina ni la yule aliyeandikwa kuwa mwenye nalo. Kwa desturi za nyumbani, mali ya biashara ni ya aliyeianzisha na kuitolea jasho. Daftari la wasajili halijui jasho. Linajua jina lililojazwa, barua pepe iliyotolewa na neno la siri. Kama mtoto wa kaka aliombwa "tusaidie hiyo kitu ya mtandao" akajaza vyake, basi hata kama shangazi ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kukamua, kwenye daftari mwenye jina ni kijana.

Miaka miwili ya kwanza hakuna anayeona tatizo. Kisha kijana anapata kazi Dubai, laini yake ya simu inakufa, barua pepe ya zamani haifunguki. Au wanagombana kwa jambo jingine kabisa, harusi au kiwanja, na siku moja anasema, "Shangazi, hilo jina nimelilipia mimi." Mara nyingi anasema kweli. Alilipa kwa fedha yake, akatengeneza kurasa usiku, akapewa chai na asante. Familia zinazomwita mwizi zingejiuliza kwanza kama zilimlipa ujira wake. Fundi wa nje angedai fedha mapema na risiti ingekuwepo, lakini kwa ndugu watu huona haya kuandikiana. Haya hizo huja kuwa ghali pale mume anapofariki na neno la siri limo kwenye simu yake, au ndoa inapovunjika na wenye biashara wakagawana friji na mashine, jina la tovuti lisitajwe na yeyote.

Jina lenyewe halinunuliwi moja kwa moja. Hukodiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, kwa .com mwisho ni 10 kwa mkupuo, na kulipia tena kunasahaulika hata na wakubwa. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuwaingiza watu kwenye barua pepe za Hotmail. Watu wakakwama sikukuu ya Krismasi, mpaka fundi mmoja wa Marekani, Michael Chaney, alipolipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Microsoft ilipata mtu mwema. Jina la .com lililofutwa kwa kutolipiwa huwa na siku 30 za kukombolewa kwa ada ya juu, na siku 5 baadaye huwa huru kwa yeyote, akiwemo anayengoja kuliuzia familia jina lao wenyewe.

Kwa hiyo fomu ijazwe mezani, mwenye biashara akiwepo. Mahali pa mwenye jina liandikwe jina la biashara iliyosajiliwa au la mama mwenyewe, na kijana aandikwe kuwa fundi, kwani fomu nyingi zina nafasi yake. Barua pepe itakayotumika isiwe ile inayoishia na jina hilohilo la tovuti. Jina likilala, barua pepe hiyo hulala nalo, na vikumbusho vya malipo havimfikii mtu.

Nyumba ambazo jina tayari liko kwa mpwa hazijachelewa maadamu bado mnasalimiana. Kijana anaweza kuingia kwa msajili na kubadilisha mwenye jina. Kama familia inataka kuhamia kwa msajili mwingine, ataomba namba ya siri ya uhamisho na kuwakabidhi. Ni kazi ndogo akiwa tayari. Aitwe chakula cha Jumapili, alipwe anachodai cha miaka iliyopita, na ifanyike siku hiyohiyo kabla hajaondoka.