Fedha za shule zisigeuzwe zawadi ya mshindi
Na Mwanahamisi Kombo

Agosti 2010, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilikosa takriban dola milioni 400 za elimu katika mashindano ya majimbo, kwa kupungukiwa alama 3 tu. Palipotakiwa takwimu za bajeti ya 2008 na 2009, maofisa walijaza za miaka mingine, na kosa hilo pekee likawanyima karibu alama 5. Gavana Chris Christie alimfukuza kazi Kamishna wa Elimu, Bret Schundler. Watoto wa Newark na Camden, ambao hawakujaza fomu yoyote, walibaki mikono mitupu.

Mashindano hayo yaliitwa Race to the Top. Rais Barack Obama na Waziri wa Elimu, Arne Duncan, waliyatangaza Julai 2009 yakiwa na kitita cha dola bilioni 4.35 kutoka sheria ya kufufua uchumi. Kila jimbo liliandika mpango wake wa mageuzi, na wasahihishaji wakaupa alama kati ya 500. Fungu kubwa kuliko yote, alama 138, lilihusu walimu na wakuu wa shule. Katika duru ya kwanza waliomba majimbo 40 pamoja na Washington, D.C.; Machi 2010 zikashinda Delaware na Tennessee pekee.

Waliobuni mpango huo wana hoja, na ni haki kuisema. Mashindano yaliyaamsha mabunge yaliyokuwa yamelala. Tennessee iliitisha kikao maalumu Januari 2010 ikapitisha sheria kwamba nusu ya tathmini ya mwalimu itokane na takwimu za ufaulu wa wanafunzi. Sheria ilibadilika hata kabla dola moja haijatoka.

Lakini kasi hiyo ndiyo inayonitia shaka. Mageuzi yalifanywa wakati mdororo wa uchumi umekausha hazina za majimbo, na mwenye dhiki hapati nafasi ya kuyapima masharti. Texas, chini ya Gavana Rick Perry, ilikataa kuomba. Desemba 2015 Bunge la Marekani lenyewe lilipitisha sheria mpya ya elimu iliyombana Waziri asiyashurutishe majimbo kufuata viwango fulani vya masomo.

Tangu 1965 Marekani ina utaratibu mwingine, Title I, unaogawa fedha kwa kuangalia idadi ya watoto wa familia maskini. Una kasoro zake, lakini unaanza na swali lililo sahihi: nani anahitaji? Mashindano huuliza nani ameandika vizuri, na wenye wataalamu wa kuandika mara nyingi ndio wenye uwezo tayari.

Sisi Tanzania tunalo la kujifunza. Tangu 2014, mpango wa EP4R umefungamanisha fedha za wafadhili na matokeo yaliyohakikiwa. Haukuwa mashindano kama ya Marekani, na umetujengea madarasa. Hata hivyo, kila fedha inapofuata matokeo, shule iliyo nyuma iko hatarini kuzidi kuachwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga bajeti zetu: motisha iwe nyongeza tu. Darasa, dawati na mwalimu ni haki ya kila mtoto, na haki haishindaniwi.