Matope ya mito: takataka ya kutupa ao udongo wa kulima?

Kila musimu wa mvua, udongo wa milima ya Kivu Kusini unateremuka na maji. Unaziba mifereji ya barabara, unajaza mito, na mwisho unaingia katika ziwa Kivu ao Tanganyika. Wakati mto unachimbuliwa, mara nyingi matope yanalundikwa kandokando, na mvua inayofuata inayarudisha ndani ya maji. Pesa inatoka mara mbili kwa kazi moja. Je, matope hayo yanaweza kuwa tena udongo wa shamba?

Walivyofanya Illinois

Nchini Marekani, katika jimbo la Illinois, jaribio lilifanyika. Ziwa Peoria, ambalo ni sehemu pana ya mto Illinois, lilipoteza karibu theluthi mbili ya nafasi yake ya maji kati ya mwaka 1903 na 1985, sababu ya udongo uliotoka mashambani na kingoni mwa mito. Mwaka 2004, matope ya ziwa hilo yalipakiwa katika mashua kubwa za mizigo mpaka Chicago, na kutandazwa kwenye kiwanja cha kiwanda cha chuma cha U.S. Steel South Works, kilichofungwa mwaka 1992. Kiwanja hicho kilifunikwa na masalio ya chuma, na mimea ilipata shida kuota. Matope yalipokauka, majani yaliota juu yake.

Hakuna uchawi hapo. Tope bichi halina hewa, lakini likitandazwa linakauka na kupasuka, kisha mizizi na minyoo vinaingia na kulifanya kuwa laini. Namna ya kuchimbua pia ina maana: pampu inavuta maji mengi na kudai mabwawa makubwa ya kukaushia, wakati ndoo ya mashine inatoa tope zito ambalo ni rahisi kubeba.

Katika Ohio, sheria ndiyo iliyosukuma mambo. Mwaka 2014, sumu ya mwani wa ziwa Erie iliwanyima watu zaidi ya 400.000 wa Toledo na kandokando maji ya kunywa kwa siku karibu tatu. Mwaka uliofuata, jimbo lilipitisha sheria ya kukataza kumwaga matope ya bandari ziwani kuanzia mwezi wa saba 2020. Ikabidi matope yatafutiwe kazi ingine.

Si kila tope linafaa

Kwa Kivu, tatizo la kwanza ni aina ya mzigo. Mito mifupi inayoteremuka kwa nguvu juu ya Uvira, kama Mulongwe na Kalimabenge, inaleta mawe na mchanga mwingi. Hiyo ni mali ya wajengaji kuliko ya walimaji. Udongo laini unatafutwa mahali maji yanapotulia, kama mabondeni na nyuma ya mabwawa.

La pili ni sumu. Tope la mto unaopita kwenye machimbo ya dhahabu, ambako zebaki inatumika, haliwezi kuwekwa katika shamba la mihogo bila kupimwa kwanza. Tope la miji linachanganyika na plastiki, zile zile zinazosumbua mashine za umeme za Ruzizi. Ambalo halifai kwa chakula linaweza kupandwa miti.

La tatu ni usafiri. Tope ni zito, na gari ikienda mbali, gharama inapita faida.

Tena kuna swali la haki: mlimaji wa mlimani aliyepoteza udongo si yeye atakayeupokea bondeni. Kwake, msaada ni mifereji ya kuzuia mmomonyoko, majani na miti. Bila hiyo, mashine itachimbua mto uleule kila mwaka.

Kwa hiyo, kila mara kazi ya kuchimbua mto inapotangazwa, wakaaji wana haki ya kuuliza mambo matatu: matope yatakaushwa wapi, nani atayapima, na nani atayapata?