Nguzo za Mafuta, Makao ya Samaki: Zing'olewe au Zibakizwe?

Kuna kauli ambayo aghalabu hukubaliwa pasi na kuhojiwa: kwamba chochote alichokiweka binadamu baharini hakina budi kung'olewa ili bahari irejee katika hali yake ya asili. Kauli hii hupendeza masikioni. Hata hivyo, mjadala kuhusu majukwaa ya mafuta katika pwani ya California, nchini Marekani, unadhihirisha kwamba kung'oa na kuponya si mamoja.

Majukwaa 23 yalisimikwa kati ya 1967 na 1989 katika maji ya pwani hiyo yaliyo chini ya serikali kuu. Mengi yamekwisha kuzeeka. Kanuni zinazitaka kampuni ziyaondoe kikamilifu na kuzikata nguzo takriban mita 4.6 chini ya sakafu ya bahari. Mnamo 2023, serikali hiyo ilipofanya tathmini ya athari za kimazingira, iliegemea upande wa kuondoa kila kitu. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, samaki wataenda wapi?

Nguzo hizi si vyuma vitupu. Zimefunikwa na kome, sponji na viumbe wengine wengi. Tena, zinaanzia sakafuni na kufika juu ya maji. Jukwaa la Harmony, kwa mfano, limesimama katika kina cha takriban mita 365. Samaki wachanga wanaopeperushwa na mikondo hupata hifadhi katika sehemu za juu na za kati, ilhali wakubwa huishi chini. Mnamo 2014, watafiti wakiongozwa na Jeremy Claisse walichapisha matokeo ya uchunguzi wa majukwaa 16. Walibaini kwamba uzalishaji wa samaki kwa kila mita ya mraba ya sakafu ulikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa katika makao ya samaki duniani.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanadai kwamba majukwaa hayazalishi samaki bali huwavuta tu kutoka kwenye miamba ya asili, kama taa inavyovuta kumbikumbi. Hoja hii ina mashiko kwa baadhi ya spishi, lakini si kwa zote. Uchunguzi wa mikondo karibu na jukwaa la Irene, uliochapishwa mnamo 2006, ulionyesha kwamba wengi wa samaki wachanga wa spishi ya bocaccio waliotua pale wangalisukumwa hadi kwenye kilindi, mbali na makao yanayowafaa. Mwaka huohuo Milton Love na wenzake walikadiria kwamba majukwaa manane yalihifadhi bocaccio wachanga wapatao 430,000, yaani takriban asilimia 20 ya wastani wa wale wanaonusurika kila mwaka katika eneo zima la spishi hiyo. Wakati huo bocaccio walikuwa wamepungua mno kutokana na uvuvi wa kupita kiasi. Vikwazo vya uvuvi ndivyo vilivyosaidia idadi yao kurejea, ikatangazwa hivyo mnamo 2017. Ingekuwa ajabu kumzuia mvuvi asiwaguse samaki hao, kisha kubomoa malezi yao kwa jina la usafi.

Namna ya kung'oa nayo huleta maafa. Katika Ghuba ya Meksiko, baruti imetumiwa kwa miaka mingi kukata nguzo. Mshindo wake hupasua vifuko vya hewa vya samaki walio karibu na kuwaua papo hapo, wakiwamo wale wa jenasi ya Lutjanus wanaothaminiwa sana na wavuvi. Katika ghuba hiyohiyo, kwa upande mwingine, majukwaa zaidi ya 500 yamekwisha kugeuzwa kuwa miamba ya kubuni.

Njia ya kati ipo. Utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba iwapo majukwaa ya California yatakatwa mita 26 chini ya uso wa maji na sehemu ya chini kuachwa, kwa wastani asilimia 80 ya uzito wa samaki ingebaki. Meli zingepita salama, nao samaki wangebaki na makao yao.

Mwenye kovu, usidhani kapoa. Wakazi wa Santa Barbara hawajasahau mwaka 1969, kisima kilipofumka na mafuta kutapakaa ufuoni. Wanahofu kwamba samaki wanafanywa kisingizio cha kuziokolea kampuni mamilioni ya dola. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu kubakiza nguzo kusigeuzwe kuwa msamaha. Visima vizibwe barabara. Mitambo ya juu iondolewe. Dhima ya madhara yatakayozuka baadaye iandikwe bayana. Sheria ya California ya mwaka 2010 ilikwisha kuonyesha njia kwa kuamuru kwamba sehemu kubwa ya fedha zitakazookolewa iende kwa umma, hasa katika hifadhi ya bahari.

Aidha, pasiwe na hukumu moja kwa majukwaa yote. Jukwaa la kina kifupi hupoteza sehemu kubwa zaidi ya makao likikatwa kuliko la kilindini. Jingine huenda likawa limebeba viumbe vamizi. Kila moja lipimwe kivyake, na kipimo cha kwanza kiwe uhai uliopo sasa, si sura ya bahari ya miaka sitini iliyopita. Aliyejenga hakuwauliza samaki, nao wakahamia. Anayebomoa leo hana udhuru wa kutojua waliomo.