Kikao Baada ya Mlo

Mwanafunzi wa tiba aendaye Hispania hutarajia kujifunza wodini na maabarani. Somo la kwanza humkuta mezani. Chakula cha mchana huliwa kuanzia yapata saa nane, na sahani zikishaondolewa watu hubaki wakizungumza. Kikao hicho kina jina lake, *sobremesa*. Aliyezoea kula akiwa amesimama, daftari mkononi, huona muda unapotea.

Haupotei. Mwili huhitaji takriban dakika 20 kutambua kwamba umeshiba. Alaye kwa pupa hupita kiasi kabla ya kuonywa. UNESCO nayo, ilipoutambua mlo wa Mediterania kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2010, haikutazama mafuta ya zeituni pekee, bali pia desturi ya kula pamoja.

Si kila Mhispania apataye nafasi hiyo. Hata hivyo, somo hilo lamhusu daktari hata akiwa mbali na meza. Mara nyingi mgonjwa hutamka lililo zito anapoinuka kuondoka. Daktari aliyekwisha kumwita mwingine hatalisikia. Mwanafunzi arejeaye na shahada pasipo utulivu huo amerejea na nusu ya elimu.