Daftari la wiki: Anayelipwa mwisho

Kijana anayesomea ukadiriaji majengo ameniuliza mwendelezaji wa nyumba za kuuza hulipwa kiasi gani kwa mwezi, na kama Dodoma kunalipa kuliko Dar es Salaam. Meneja wa mradi ana mshahara, mkadiriaji ana ada yake. Mwendelezaji, yaani mwenye mradi, hana. Yeye ni kama mwenye shughuli: anakula wageni wakishatoka, na mara nyingine anakuta sufuria tupu.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba 20 katika jengo moja la ghorofa, kila moja iuzwe shilingi milioni 200. Mauzo ni bilioni 4. Toa kiwanja, vibali, saruji, nondo, mkandarasi, dalali, kodi na riba. Tuseme inabaki milioni 600, na kazi imechukua miaka mitatu: ni milioni 200 kwa mwaka. Sasa wanunuzi wachelewe mwaka mmoja tu, naye anadaiwa na benki bilioni 2 kwa riba ya asilimia 16. Riba ya mwaka huo ni milioni 320. Zinabaki milioni 280 kwa miaka minne, yaani milioni 70 kwa mwaka. Jengo ni lile lile, mafundi ni wale wale.

*

Kariakoo, Dar es Salaam, pesa iko kwenye ardhi na kwenye mlango wa chini. Kuna nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mwenyewe amefariki, warithi ni wengi. Anakuja mwekezaji: ninyi mna kiwanja, mimi nina fedha, tupandishe ghorofa tugawane. Mkataba unapendeza ukisomwa harakaharaka, kwa sababu familia inapewa sakafu mbili nzima za juu na mwekezaji anabaki na ya chini peke yake.

Lakini chini ndiko ziliko fremu za maduka. Fremu moja inayotazama barabara yenye wateja inaweza kuingiza kodi kuliko nyumba kadhaa zilizo juu yake, na mpangaji akitaka kumwachia mwenzake anadai kilemba, yaani malipo ya kuachia mlango. Familia imehesabu sakafu, mwenzao amehesabu milango.

Warithi, nawaomba: kabla hamjaweka dole gumba, andikeni kwenye karatasi kodi ya kila fremu na kila nyumba, mgawane kwa shilingi. Andikeni pia nani atalipa pango mtakakohamia wakati wa ujenzi, na itakuwaje kazi ikisimama katikati. Zipo nyumba zilizokwisha kuvunjwa ambazo hadi leo ni nguzo na nondo zinazoshika kutu, na bibi mwenye nyumba mojawapo yuko Chanika kwa mwanawe, analala sebuleni.

*

Dodoma ni habari nyingine. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ni wa 1973, ila Julai 2016 Rais Magufuli aliposema Serikali inahama kweli, wenye viwanja walipata faida kabla ya kuchanganya zege. Faida hiyo haikutokana na ujuzi wa kujenga. Ilitokana na kauli ya Serikali, na aliyekuja baadaye akanunua kiwanja kwa bei mpya alikuwa ameshamlipa mwenzake faida ile. Anayejenga nyumba za kupangisha huko ajue pia kwamba wapangaji wake wengi wanakula mshahara wa mwajiri mmoja, Serikali.

*

Uingereza wameiandika faida ya mwendelezaji kwenye karatasi za serikali. Mwongozo wa mipango miji wa England unachukulia asilimia 15 hadi 20 ya thamani ya mauzo kuwa malipo yanayofaa pale halmashauri inapopima kama mradi unaweza kubeba nyumba za bei nafuu. Ndipo inapouma habari ya Jeff Fairburn, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Persimmon: bonasi yake ilifika pauni milioni 75 hata baada ya kupunguzwa, na Novemba 2018 kampuni ikatangaza kwamba ataondoka. Mauzo ya kampuni yalikuwa yamebebwa na mpango wa serikali wa kuwakopesha wanunuzi, ulioanza 2013. Fedha ya umma iliyokusudiwa kumsaidia asiye na nyumba haikupaswa kuishia kwenye bonasi ya mtu mmoja.

*

Saidia fundi anayepandisha ndoo za zege Masaki analipwa kwa siku, na bei ya nyumba anayoijenga haimhusu. Faida ikianza kuyeyuka, ni rahisi kupunguza nondo, saruji na msimamizi, maana hakuna mnunuzi anayeviona. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Mwenye mradi atafute riziki yake kwingine kokote, asiitafute ndani ya nguzo.

*

Kenya ina watu zaidi ya milioni 50, na mikopo ya nyumba iliyoko kwenye mabenki ni takriban 30,000 tu. Kwa hiyo Nairobi nyumba nyingi huuzwa zikiwa bado michoro: mnunuzi anatoa malipo ya awali, kisha anadunduliza kila mwezi, na fedha yake ndiyo mtaji. Riba ambayo ingemla mwendelezaji imehamia kwa mwalimu au nesi anayelipa kodi ya pango na nyumba isiyokuwepo kwa wakati mmoja.

Dubai, ambako wengi wetu wana ndugu, walitunga Sheria Namba 8 ya 2007: fedha za wanunuzi wa namna hii zikae kwenye akaunti ya dhamana ya mradi husika, zitumike kwa ujenzi wa mradi huo tu, na jengo likikamilika asilimia 5 izuiliwe hadi mwaka mmoja upite tangu nyumba zisajiliwe kwa majina ya wanunuzi. Wabunge wa Dodoma na wa Nairobi waichukue sheria hiyo waisome. Waendelezaji watalalamika kwamba mtaji wao umefungwa, lakini mtaji huo ni wa nesi.