Gobore nalo lina mchezo wake

Shabiki wa Sigino anayekwenda Tanzanite Kwaraa kuiona Fountain Gate akisikia neno gobore, hawazi michezo. Anawaza jangili na polisi. Si kosa lake: mwaka 2022 wenye silaha haramu walipewa muda wazisalimishe kwa hiari, na magobore yalikuwemo.

Kwingineko silaha hizo za kale, na nakala zake, zina mashindano ya dunia tangu 1971. Bastola ya baruti nyeusi, aina aliyoivumisha Mmarekani Samuel Colt tangu 1836, hupigwa kwa shabaha iliyo mita 25: risasi 13 ndani ya dakika 30, zinahesabiwa 10 bora. Hapo hakuna kukurupuka. Mpigaji anamimina baruti chemba moja moja, anashindilia risasi, anapaka grisi moto usirukie chemba ya jirani, ndipo anaweka fataki. Halafu mlio mzito, moshi mweupe, shabaha haionekani! Utamu wenyewe ndio huo, kama kusubiri VAR.

Sheria ya silaha ya 2015 isilegezwe hata kidogo. Ila vijana wenye jicho na subira wapo, na bunduki ya upepo ya Olimpiki haihitaji baruti. Wenye dhamana ya michezo Manyara waanze na uwanja mmoja wa shabaha, polisi wakisimamia, silaha zikilala kwao. Kulenga shabaha kumo Olimpiki tangu 1896. Tanzania ina medali mbili tu, zote za riadha, za Bayi na Nyambui, Moscow 1980.