Waraka wa wazi kwa Waziri wa Afya: Miwani ya furaha na wagonjwa wa Issenye

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Tunajua mezani kwako pamejaa, na wenye vidonda vinavyoonekana hutangulia kuhudumiwa. Tunaandika kuhusu sonona, ambayo mwenye nayo hutembea, husalimia watu, akaenda shamba, na nyumbani husemwa kwamba ana mawazo tu.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Profesa Michelle Craske na wenzake wamewavisha wagonjwa miwani ya uhalisia pepe. Mgonjwa hujiona yumo ndani ya treni inayokatiza msitu, anaogelea na pomboo, au ameketi katikati ya mashabiki wa mpira. Baadaye mtaalamu humwomba asimulie alichokiona na alivyojisikia, taratibu, bila kuruka kitu. Tiba nyingi za sonona hupambana na huzuni. Hii inataka kumrudishia mtu uwezo wa kufurahi, maana wapo ambao huzuni huwapungua na bado chakula hakina ladha na harusi ya mtoto haiwagusi. Waliojaribiwa mwanzoni, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walikuwa wachache, lakini dalili zilitia moyo.

Mheshimiwa, je, Wizara yako ina msimamo gani juu ya vifaa hivi? Wafadhili wanapenda kitu kinachopigika picha, na masanduku ya miwani yanaweza kutua nchini kabla ya mtu wa kuyasimamia. Tunaomba majaribio yaanzie katika hospitali za Muhimbili na Mirembe, mikononi mwa wataalamu wetu, kwa Kiswahili, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya.

Picha nazo zichaguliwe na wanaoyajua maisha ya mgonjwa. Mtalii hulipa fedha nyingi aje kuwaona nyumbu wakivuka Mto Grumeti na tembo wakitembea na watoto wao, akarudi kwao moyo umetulia. Mkulima wa Issenye, wilayani Serengeti, anayepakana na pori la akiba humjua tembo kwa mabua ya mtama yanayovunjika usiku wa manane. Ukimvisha miwani yenye kundi la tembo ili apumzike, umemrudisha lindoni. Afadhali aone ulezi wake ukiwa umeshaingia ghalani, au Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga (ingawa huko nako timu yake ikifungwa, tiba imeharibika). Nani atazipiga picha za namna hiyo, na kwa bajeti ipi?

Linalotukera zaidi, Mheshimiwa, ni kwamba miwani yenyewe haiwezi kitu bila mtu wa kuketi na mgonjwa kila wiki na kumsikiliza. Mtu huyo yuko wapi vijijini kwetu? Mgonjwa wa Issenye anayeambiwa aende Mugumu, na akishindwa kutibiwa huko apelekwe Musoma au Mwanza, huanza na nauli asiyokuwa nayo. Wengi huishia kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, na hatuwalaumu, kwa sababu huko walau wanasikilizwa. Tuambie: mhudumu wa zahanati amefundishwa kuitambua sonona? Dawa zake zinafika huko, au zinaishia hospitalini?

Jirani zetu Waganda wamekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana bila mitambo. Katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, wenyeji wasio madaktari walifundishwa kuongoza vikundi vya wagonjwa, wanawake kwao na wanaume kwao, vikakutana kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, kwa wenzao wasiopata vikundi, asilimia 54.7. Hakuna umeme uliohitajika. Kivuli cha mti kilitosha.

Nasi watu tunao, au tumeahidiwa. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Tunauliza bila kuzunguka: katika mafunzo yao, saa ngapi ni za afya ya akili? Watakaopangiwa kata ya Issenye watajua kuongoza kikundi cha namna ile ya Rakai, au watapewa mizani ya kupimia watoto na daftari tu?

Tunaomba hayo yajibiwe kwa maandishi, nasi tutayachapa kama yalivyo. Na ukituambia fedha haitoshi kwa vyote viwili, ombi letu ni moja: anza na mtu, miwani ifuate.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhariri